Fimbo ya Kuegemea na Utunzaji Wake

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuona kwamba katika kurasa hizi, ambazo wamezoea kusoma ndani yake habari za swala, za malezi na za ndoa, leo twataka kuzungumza habari ya fimbo. Wala si fimbo ya kuchapia, ambayo sisi walimu wa chuo tumekuwa na sifa mbaya kwayo tangu zamani. Hiyo tumeiacha, na tangu tuiache hatukuona kuwa watoto wamepungukiwa na herufi hata moja. Fimbo tuikusudiayo ni ya kutembelea, ile aishikayo mtu mzima atokapo nyumbani kwake kwenda msikitini, sokoni au hospitali.

Twaizungumza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa katika mitaa yetu ya Kariakoo, Gerezani na katikati ya mji wa Dar es Salaam imeingia fimbo ya namna mpya, ambayo wengi wanayo na wachache waijua. Ya pili ni kuwa sisi wenyewe tuliiharibu fimbo ya namna hiyo kwa mikono yetu, na mzee wetu akaanguka kwa ajili hiyo. Habari hiyo tutaisimulia mahali pake.

Kwanza yatupasa tuondoe aibu. Wapo wazee wengi ambao magoti yao yawauma, nao waona ni heri kushika ukuta na mabega ya watu kuliko kushika fimbo, kwa kuwa wadhani kuwa fimbo ni tangazo la udhaifu. Lakini tukiisoma Sura ya Taha twakuta kwamba Nabii Musa (a.s.) alipoulizwa na Mola wake ni kitu gani alichonacho katika mkono wake wa kulia, alijibu kuwa ni fimbo yake, na katika kuzitaja kazi zake alianza na kuiegemea, kisha akataja kuwaangushia majani kondoo wake, kisha akasema kuwa anayo na haja nyingine kwayo. Na Musa wakati ule hakuwa mkongwe. Katika Sura ya Qasas binti wa mzee wa Madyan alimsifu kwa baba yake kuwa ni mtu mwenye nguvu na mwaminifu. Basi ikiwa mwenye nguvu aliegemea fimbo mbele ya Mola wake na akaitaja bila ya haya, mzee wa Mtaa wa Sikukuu au wa Narung'ombe aona haya ya nani?

Na hata katika desturi zetu za pwani mambo hayakuwa hivi. Mtu mwenye heshima alivaa kanzu yake na koti lake na kofia yake, na mkononi akashika bakora, naye miguu yake ni mizima kabisa. Khatibu wetu siku ya Ijumaa hupanda mimbari ameshika fimbo, na hakuna asemaye kuwa khatibu amezeeka. Wakubwa wetu watakumbuka pia jinsi Mwalimu Nyerere alivyoonekana mara nyingi na kifimbo chake, ambacho hakikufaa kuegemewa hata kidogo. Twaona kuwa kosa limo katika majina tu: fimbo ikiitwa bakora, mtu hujivuna nayo, ikiitwa mkongojo, huificha nyuma ya mlango. Na mti ni ule ule.

Sasa tuje katika fimbo hii mpya. Wasomaji wetu wa Moshi waijua zaidi kuliko sisi, kwa sababu wageni waupandao Mlima Kilimanjaro, ambao kilele chake kina urefu wa meta 5,895, huenda nazo mbili mbili, moja kwa kila mkono. Ni fimbo nyepesi za alumini, au za nyuzi za kaboni, zenye vipande viwili au vitatu viingianavyo kama mwanzi ndani ya mwanzi, ili mtu aweze kuzirefusha na kuzifupisha. Juu zina mshiko wa mpira au wa gamba laini, na ukanda wa kutia mkono. Chini zina ncha ya chuma kigumu sana, na juu kidogo ya ncha kisahani cha plastiki kizuiacho fimbo isizame katika matope au theluji. Faida yake kubwa ni wakati wa kushuka, kwa kuwa mikono huchukua sehemu ya mzigo ambao ungeangukia magoti. Wageni wengi wamalizapo safari huwaachia wapagazi na waongozaji wao baadhi ya vifaa, na kwa njia hiyo, na kwa njia ya biashara ya mitumba, fimbo hizi zimeteremka kutoka mlimani hadi mjini.

Yafaa tukumbuke, kwa kupita tu, kwamba hata jina la Kariakoo lenyewe latokana na wapagazi. Katika Vita Kuu ya kwanza ya 1914 hadi 1918, Waingereza walipokwisha kuuteka mji mwaka 1916, hapo ndipo palipokuwa kambi ya wachukuzi wa mizigo wa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Mtaa wenye jina la watu waliotembea mno haukosi kustahili mazungumzo juu ya fimbo.

Na kutembea katika mtaa huu si jambo jepesi. Ajuaye Mtaa wa Kongo siku moja kabla ya sikukuu hahitaji kuambiwa: mikokoteni yapita huku, bodaboda zapita kule, bidhaa zimetandazwa chini hadi katikati ya njia, na chini ya bidhaa hizo huenda pana mfuniko wa mtaro uliovunjika. Wakati wa masika maji hufunika mashimo, na mtu hajui akanyagapo ni lami au ni shimo. Hapo fimbo si ya kuegemea tu, bali ni jicho la pili. Yagusa mbele kabla ya mguu haujafika. Kijana aruka, mzee hana budi kupima.

Jambo jingine lililoongeza haja ya fimbo ni majumba. Nyumba zetu za zamani za Kiswahili zilikuwa na baraza, na mzee alitoka chumbani akakaa barazani bila ya kupanda wala kushuka zaidi ya kizingiti. Leo nyingi zimevunjwa na mahali pake pamesimama maghorofa, na wazee waliozaliwa katika viwanja hivyo wakaa juu, wakishuka kwa ngazi kila umeme ukatikapo na lifti ikasimama. Mmoja wao ni ami yetu, na sasa twamsimulia.

Ami yetu akaa ghorofa ya tatu, na umri wake wapita miaka 80. Mjukuu wake hubeba mizigo ya wageni huko Kilimanjaro, na mwaka mmoja alikuja kwa sikukuu ya Idi akiwa na fimbo mbili alizopewa na mgeni. Ami alizitazama akacheka, akasema, "Mimi nina mlima gani wa kupanda?"

Mjukuu akajibu, "Ngazi zako, Babu."

Jibu hilo lilimwingia. Akazichukua, moja akaiweka chini ya kitanda kuwa akiba, na moja akaanza kushuka nayo kila alfajiri kwenda msikitini, ambako kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa akisimama safu ya kwanza, upande wa kulia. Hapakupita siku nyingi hata wazee wengine wakaanza kuulizia zapatikana wapi.

Baada ya miezi michache, mvua za masika zikiwa zimeanza, fimbo ile ikawa ngumu. Vipande havikuingiana, na penye maungio palitoka unga mweupe. Ami alituletea chuoni, kwa kuwa sisi twasifika mtaani kwa kutengeneza saa za ukutani na taa na vitu vidogo vidogo, na sifa kama hizo humponza mtu. Tuliifungua kwa nguvu, tukaifuta, kisha tukachukua chupa ya mafuta ya cherehani ya mama watoto wetu, tukapaka kila kipande hata vikawa vyaingia na kutoka bila ya sauti. Tulifurahi sana kwa kazi yetu. Ami alitushukuru na kutuombea dua, akaenda zake.

Alfajiri ya pili yake umeme haukuwapo. Ami alishuka ngazi gizani, na alipofika mkondo wa pili akaiegemea fimbo kwa uzito wake wote, nayo ikaingia ndani yake yenyewe kama koki ya chupa. Aliangukia mkono. Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika, akafungwa plasta kwa wiki 6. Lakini plasta siyo iliyotuuma zaidi. Plasta ilipofunguliwa, ami hakurudi safu ya kwanza. Aliswali nyumbani, na tukimwuliza akasema ngazi ni nyingi. Alikuwa ameingiwa na hofu, na hofu ya kuanguka, kama wajuavyo wanaoishi na wazee, humfunga mtu ndani kuliko ugonjwa wenyewe. Na akaaye ndani miguu yake huzidi kudhoofika, na miguu ikidhoofika huanguka kwa wepesi zaidi.

Hatukumwambia habari ya mafuta. Siku nyingi zilipita nasi twakaa kimya, tukimpelekea uji na matunda. Mwishowe tuliichukua fimbo ile kwa fundi mmoja wa viatu na miavuli, mtu ambaye hukaa na sanduku lake penye kivuli cha ukuta, tukamwuliza ina ubaya gani. Aliinusa tu. Akasema, "Mwalimu, nani aliyeitia mafuta?"

Basi yafuatayo mengi tumeyapata kwa fundi huyo, na mengine kwa kuuliza waliosomea mambo ya viungo, na mengine kwa kujaribu wenyewe. Twayaandika ili mwingine asijifunze kwa mkono wa ami yake.

Fimbo hizi hushikana kwa njia mbili. Ziko za kuzungusha, na ziko za kubana. Zile za kuzungusha zina ndani ya maungio kipande cha plastiki ambacho, uzungushapo fimbo, hutanuka na kuling'ang'ania bomba kwa ndani. Hakishiki kwa jino wala kwa msumari, bali kwa msuguano mtupu. Plastiki kavu juu ya bomba kavu. Ukitia mafuta, umeondoa kitu cha pekee kinachomshikilia mzee. Haidhuru ni mafuta ya cherehani, ya nazi au ya kula, yote ni mamoja. Zile za kubana zina kishikio kidogo cha nje ambacho hufungwa kwa kidole, na skrubu ya kukaza. Hizo ni nyepesi kwa mkono wenye baridi yabisi, na kwa maoni yetu ndizo zimfaazo mzee, kwani hata mjukuu mdogo aweza kuona kwa macho kama kimefungwa au kimeachia. Ya kuzungusha haionekani.

Ikiwa fimbo imekwisha kutiwa mafuta kama yetu, vipande vyote vichomolewe, vioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, nje na ndani, kisha vianikwe kivulini hata vikauke kabisa. Kile kipande cha plastiki kikiwa kimelika au kimevimba hakifai tena. Ikiwa fimbo yazunguka tu bila ya kushika, mara nyingi ni uchafu: ichomolewe, ifutwe kwa kitambaa kikavu, kipande cha plastiki kizungushwe kidogo kwa vidole hata kianze kutanuka, ndipo irudishwe na kukazwa. Ikazwe kwa mkono, si kwa koleo, kwa sababu plastiki ikipasuka hapana dawa. Na ikiwa ni ya kubana na kishikio chafunguka kwa wepesi mno, skrubu yake ikazwe robo ya mzunguko, ijaribiwe, kisha robo nyingine ikihitajiwa.

Ule unga mweupe tuliouona ni kutu ya alumini. Sisi wa pwani hatuna budi kuujua, kwa kuwa hewa yetu ina chumvi na unyevu. Dawa yake ni kutangulia: fimbo iliyolowa mvua isisimamishwe pembeni ikiwa imefungwa, bali ivutwe, vipande vitenganishwe, vifutwe, na vilale hivyo usiku kucha. Mchanga na unga huo huondolewa kwa mswaki mkuukuu mkavu. Chuma cha kusugulia sufuria kisitiwe ndani, kwani huchuna bomba na kulifanya baya zaidi. Kazi hii haichukui dakika 10, nayo yafaa wapewe watoto, ambao hupenda sana kufungua vitu.

Tena, kila kipande kimeandikwa nambari za sentimita, na mahali fulani pana alama ya mwisho. Alama hiyo isipitwe kwa hali yoyote, maana kipande kilichobaki ndani huwa kifupi mno kuweza kustahimili uzito. Fimbo iliyopinda isinyoshwe, kwa kuwa chuma kilichopinda kikanyoshwa kimekwisha dhoofika. Na ya kaboni iliyofanya ufa hata mwembamba kama unywele itupwe, kwa kuwa hiyo haipindi kwanza, huvunjika mara moja.

Lakini kabla ya yote hayo, na kabla ya kutoka nyumbani kila siku, liko jaribio moja ambalo lau tungelifanya siku ile ami asingeanguka. Baada ya kukaza, simamisha fimbo sakafuni, weka mikono miwili juu ya mshiko, na ubonyeze kwa uzito wako. Ikizama hata kwa kadiri ya upana wa ukucha, isiende nawe. Afanye hivyo kijana wa nyumbani, si mzee mwenyewe.

Urefu ni jambo ambalo watu hulipuuza kuliko yote. Mtu hununua fimbo kama anunuavyo mwavuli, akidhani yoyote yafaa. Wapandao mlima huipima fimbo kwa kusimama wima na kuishika, hata kisukusuku kikunjike kuwa pembe mraba. Wakipanda huifupisha kidogo, na wakishuka huirefusha. Lakini mzee wa mjini aitumiaye fimbo moja kwa kuegemea haitaki ndefu hivyo. Yeye avae viatu vyake vya kila siku, asimame wima, aining'inize mikono, na juu ya fimbo pafike usawa wa kifundo cha mkono, pale penye mkunjo. Akiishika, kisukusuku kitakunjika kidogo tu. Ikiwa ndefu mno bega litapanda na shingo itauma. Ikiwa fupi mno atainama, na ainamaye hutazama miguu yake asione mkokoteni ujao.

Kisha, ishikwe mkono gani? Tumewauliza vijana wetu chuoni swali hili, na takriban wote walijibu: upande wa mguu mbovu. Jibu hilo si sahihi. Fimbo hushikwa kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, na huenda mbele pamoja na mguu mbovu. Tazameni mtu mzima atembeavyo: mkono wa kushoto hutangulia na mguu wa kulia, fimbo yafuata desturi hiyo hiyo ya maumbile. Ama katika ngazi, wakati wa kupanda mguu mzima hutangulia, kisha fimbo na mguu mbovu. Wakati wa kushuka fimbo na mguu mbovu hutangulia, kisha mguu mzima. Mkono mwingine ushike ukingo wa ngazi, ikiwa upo. Na kila mahali yafaa ngazi ziwe na ukingo, na twawaomba wenye majumba walitazame jambo hilo, kwa kuwa kodi hawakosi kuipokea.

Ule ukanda wa mkononi una kazi yake mlimani: mkono huingizwa kutoka chini kwenda juu, kisha ukashika ukanda na mshiko pamoja, na uzito ukaangukia ukanda. Mjini hatuupendi. Katika msongamano wa watu fimbo ikinaswa na pikipiki au mkokoteni, mwenye ukanda mkononi huvutwa nayo. Na aangukaye ngazini akiwa ameutia mkono hawezi kuiachia. Ami yetu aliukata kabisa kwa mkasi.

Ncha ya chuma hufaa katika udongo na mawe. Katika vigae vya msikiti na sakafu za maduka yetu huteleza kama mguu juu ya ganda la embe, nayo huchora vigae. Basi hapana budi iwe na kofia ya mpira. Kofia hiyo huchakaa kama soli ya kiatu: pete zake zikifutika chini, au upande mmoja ukilika, ibadilishwe, isingojewe hata chuma kitokeze. Kwa fimbo za alumini za kawaida, zile zenye mkono uliopindwa ziuzwazo katika maduka ya vifaa vya hospitali, tazameni ndani ya kofia kama pana duara la chuma. Lisipokuwapo, ukingo wa bomba huutoboa mpira kwa muda mfupi. Fundi wetu hukata kofia kwa mpira wa gurudumu la gari, kama wakatavyo makatambuga, na kazi yake hudumu. Ila mpira huo uwe na mifereji chini, kwa maana ulio laini huteleza palipo na maji ya sabuni. Mahali pa kutawadhia ndipo wazee wetu huangukia zaidi ya barabarani.

Yatupasa pia tuseme wazi kwamba fimbo ya mlimani haimfai kila mtu. Mshiko wake umesimama wima, haukufanywa kwa kulaliwa na kiganja. Yamfaa mtu ambaye magoti yamuuma lakini mwili wake wasimama. Aliyepatwa na kiharusi, au ambaye mguu mmoja hauchukui uzito, ahitaji fimbo yenye mkono wa kupindwa, au ile yenye miguu minne chini, na aonyeshwe kuitumia na wataalamu wa viungo hospitalini. Tumewaona watoto wema wakimnunulia baba yao aliyepooza fimbo ya mlimani kwa sababu ni ya kisasa na yang'aa.

Na wenye bakora za mti wasidhani kuwa wamesalimika na matunzo. Mpingo ni mti mgumu na mzito hata huzama majini, na hiyo si sifa kwa mkono dhaifu. Wengi watapumzika zaidi na mti mwepesi. Bakora ya mti ifutwe ikilowa, isilazwe juani, isisimamishwe juu ya sakafu ya udongo, na igongwe mara kwa mara ili isikike kama ndani ni nzima. Wasomaji wanakumbuka habari iliyomo katika Sura ya Sabaa, jinsi Nabii Sulaiman (a.s.) alivyofishwa naye ameegemea fimbo yake, na hapana aliyejua hata mdudu wa ardhini alipoila fimbo, akaanguka. Majini walikuwapo, nao hawakuitazama fimbo. Nyumbani kwetu mchwa ni wale wale.

Katika msikiti fimbo ina adabu zake. Ncha yake imepita katika maji ya mitaro yetu, ambayo kila mtu ajua yalivyo. Basi kabla ya kuingia ioshwe, na mwenye kuisaidia kazi hiyo atakuwa amemsaidia mzee na msikiti kwa pamoja. Katika safu ilazwe mbele yake kwa upana, isitokeze nyuma ikamkwaza aliye katika sijida. Na asiyeweza kusimama bila ya kuegemea, masheikh wetu wamempa ruhusa aegemee fimbo katika swala, wala asione kuwa swala yake ni pungufu.

Kwa wale wanaojiandaa kwa Hija au Umra, neno moja: mwendo wa baina ya Safa na Marwa mara 7 ni wa takriban kilomita 3, na sakafu ni marumaru. Fimbo ya kukunjika huwafaa sana, lakini iwe na kofia mpya ya mpira na nyingine ya akiba mfukoni, na katika ndege itiwe ndani ya mzigo mkubwa, kwa kuwa ncha ya chuma aghalabu huzuiwa mlangoni. Palipo na msongamano mkubwa ikunjwe, mtu ashikwe mkono.

Tulipokwisha kujua hayo yote, tulipanda ghorofa ya tatu na fimbo ile iliyooshwa, pamoja na ile ya akiba iliyokuwa chini ya kitanda, tukamwambia ami kwamba yeye hakukosea ngazi; kosa lilikuwa letu na mafuta yetu. Alitutazama kwa muda, akasema, "Nilijua, mwanangu. Tangu siku ile fimbo yanukia cherehani."

Tukamwuliza, "Mbona hukusema, Ami?"

Akasema, "Nilikungoja."

Alirudi msikitini kabla ya Ramadhani, kwanza kwa swala ya adhuhuri tu, akishikwa na mtoto mmoja wa chuoni, kisha kwa alfajiri. Safu ya kwanza walikuwa wamemwachia nafasi yake. Sasa kila Alhamisi, kabla ya watoto hawajaruhusiwa, huleta fimbo zote mbili chuoni. Watoto huzifungua, huzifuta, hutazama kofia za mpira, na mkubwa wao huzikaza. Kofia ya tatu tuliibadilisha juzi. Nasi tukimrudishia, ami husimama kizingitini mwetu, huibonyeza fimbo mbele ya macho yetu kwa nguvu zake zote, huitazama kama imezama, ndipo hutushukuru.